Mahali pa kusema kabla hujapona

Mdogo wangu alipotoka hospitalini, daktari alimpa maagizo mawili. Asirudi Kolwezi, mji wa migodi alikokuwa akifanya kazi. Na atafute watu waliopita alikopita yeye, awe anakutana nao kila wiki, aongee na awasikilize. Agizo la kwanza lilijitimiza lenyewe, maana hata nauli hakuwa nayo. La pili lilinizungusha Lubumbashi nzima, kutoka Katuba hadi Bel-Air, kutoka Kamalondo hadi Ruashi, na karibu kila niliyemuuliza wanakutania wapi watu wanaojaribu kuacha dawa alinitajia jina la mchungaji.

Sisemi kwa dharau. Mimi mwenyewe ni mtu wa kwaya, na mama yetu hajawahi kukosa ibada ya alfajiri. Lakini daktari hakusema “atafute wa kumwombea”. Wa kumwombea tunao tele.

Nianzie mbali kidogo. Papa yetu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 2003 alikuwa mmoja wa watu zaidi ya 10,000 walioondoka katika ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na kila familia ya Katanga iliyoguswa ina yake ya kusimulia. Nyumbani ikabaki meza ya mama ya unga wa mahindi. Mdogo wangu alipofikia umri wa kubeba, akaenda Kolwezi kubeba. Gunia la madini halimhurumii mtu mgongo, na wenzake walimwonyesha dawa ya mgongo: tramadol.

Tramadol si sumu iliyopikwa vichochoroni. Ni dawa halali ya maumivu, ukoo mmoja na mofini, iliyobuniwa Ujerumani na kampuni ya Grünenthal mwaka 1962 na kuingia sokoni mwaka 1977. Aliyetoka kupasuliwa akipewa, anashukuru. Balaa linaanza inapouzwa kidonge kimoja kimoja juu ya meza ya barabarani, ubavuni mwa sigara na pipi. Mbebaji anameza asubuhi asisikie uzito, anameza mchana asisikie njaa, na baada ya miezi anameza ili tu asitetemeke. Mdogo wangu akaongeza Valium usiku apate usingizi, na lutuku, pombe kali ya kienyeji, siku za malipo. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, ameuza simu mbili, na vikwembe vya mama, vitenge vyake, vilivyokuwa vimefungwa kwenye sanduku tangu harusi yake havikuwepo tena.

Hapo ilibidi alazwe, na ninalisema hili mapema kwa sababu kuna wanaosoma habari za vikundi wakadhani vinamwondoa daktari. Mtu aliyezoea Valium au pombe kali kila siku, akiikata ghafla, anaweza kupata degedege na kufa. Hupunguziwa kidogo kidogo, akitazamwa. Tramadol nayo, ikimezwa kwa wingi, huleta degedege hata kabla ya kuachwa. Kuikata huleta jasho, mifupa kuuma, kuhara, usiku usiokwisha. Hapa Lubumbashi tuna kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari Mbelgiji wa karne ya 19, nacho kiko chini ya watawa wa Frères de la Charité. Watawa hao hao wako Bukavu kwa SOSAME na Goma kwa Tulizo Letu. Watu husita kuingia mlango wa namna hiyo kwa kuogopa kuitwa wendawazimu. Mwenye degedege hana nafasi ya kusita.

Hospitali, basi, ilifanya kazi yake: iliutoa mwili kwenye dawa. Kisha wakamrudisha kwenye parseli ile ile, uwanja wetu wa nyumbani, kwa majirani wale wale, na kijana anayeuza vidonge yuko mita chache kutoka kwenye bomba la maji.

*

Tulianza na kanisa kwa sababu kanisa lilikuwa karibu. Walimwombea kwa bidii, usiku kucha, na sina shaka hata kidogo na mapenzi yao. Alianguka, akalia, akasimama. Jumapili akapewa kipaza sauti. Alisema alikuwa mtumwa na sasa yuko huru, watu wakapiga vigelegele, mama akacheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Ilikuwa siku nzuri. Nilifurahi pia.

Katikati ya wiki nilimkuta nyuma ya nyumba amejikunja, meno yanagongana. Nikamuuliza kama amemeza kitu. Hapana. Ila kilikuwa kinamvuta tangu asubuhi. Nikamwambia aende kwa mchungaji. Akanitazama.

“Yaya, batu bote balisikia asema nimepona. Sasa ingali inanivuta, nitaambia nani?”

Sijawahi kulisikia tatizo likielezwa vizuri kuliko hivyo. Ushuhuda wa kanisani ni wa mtu aliyekwisha kushinda. Una mwanzo wenye giza, una mkono wa Mungu katikati, na mwisho wake ni vigelegele. Aliye katikati ya mto hana ushuhuda. Hawezi kusimama Jumapili ya pili akasema: wiki iliyopita niliwaambia niko huru, na jana nilisimama mbele ya ile meza dakika kumi nikihesabu pesa. Atakuwa amewavunja moyo, tena atakuwa amemwaibisha Mungu mbele ya watu. Kwa hiyo ananyamaza. Na mraibu akinyamaza, anarudi kule asikohitaji kujieleza.

Familia nayo haifai kwa kazi hiyo, hata ikiwa na upendo wa namna gani. Akiniambia mimi, naogopa, na nikiogopa naficha pesa. Akimwambia mama, mama anafunga kula. Kila neno lake linatugharimu kitu, na yeye anaiona bei usoni mwetu. Alihitaji watu ambao maneno yake hayatawaibia usingizi.

*

Kitu hicho kipo duniani, na hakikubuniwa na wataalamu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, Bill Wilson, mtu wa soko la hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alijikuta karibu kuirudia. Akatafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa bado anakunywa. Bill hakwenda kumhubiria. Alikwenda kujiokoa yeye mwenyewe kwa kusimulia ya kwake. Kutoka hapo vikazaliwa vikundi vya Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Mwaka 1953, California, watu wa dawa nyingine wakaanzisha vya kwao, Narcotics Anonymous, ambavyo wengi huviita NA. Jimmy Kinnon ndiye anayetajwa zaidi kati ya waanzilishi hao. Hawakutaka kuulizana ni dawa gani: wao wanasema ugonjwa ni uraibu wenyewe, na pombe nayo ni dawa ya kulevya. Leo NA iko katika nchi zaidi ya 140.

Shangazi yetu aliposikia “California”, alikunja mdomo. Mambo ya Wazungu, akasema, wanaokaa duara na kulia. Nilikuwa na jibu, maana nilikuwa nimesoma: mojawapo ya nchi zenye wanachama wengi kabisa wa NA ni Irani. Kama watu wa Irani wamekiona kinawafaa, basi uzungu wake si mkubwa kama tunavyodhani.

Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa na swali gumu zaidi: ushahidi uko wapi? Nikamwonyesha uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, shirika linalopima tafiti za tiba. Ulikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, na ukaona kwamba tiba iliyopangwa vizuri ya kumwingiza mtu kwenye AA iliwasaidia watu kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo. Shemeji akasoma, akaniambia: “Hii ni pombe. Mudogo yako ni tramadol.” Ni kweli, na siongezi kitu hapo. Nilichomjibu ni kwamba kukaa chumbani peke yake nako hakujathibitishwa na utafiti wowote.

Kuna pia SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, kwa wasiotaka habari za nguvu iliyo kuu kuliko wao, ambazo AA na NA huzitaja. Wao hutumia mbinu za kisaikolojia: kuchunguza mawazo yanayotangulia hamu, kupanga utafanya nini ikija. Mdogo wangu aliitazama, akasema ina karatasi nyingi.

*

Mkutano wake wa kwanza aliufanyia uani, chini ya mwembe, ameinama juu ya simu yangu na visikizio masikioni. Tangu korona ya mwaka 2020 mikutano mingi ya NA ilihamia kwenye intaneti na mingine haikurudi. Tovuti ya NA ina ukurasa wa kutafuta mkutano kwa nchi na kwa mji, na kuna orodha ya inayofanyika kwa simu na kwa video, kwa lugha nyingi.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakwama kwa mambo madogo.

La kwanza ni saa. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam. Mkutano ulioandikwa saa mbili usiku Dar unaanza saa moja usiku kwetu. Paris na Brussels zinachanganya zaidi. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa yao ni sawa na yetu, halafu wanarudisha nyuma, na mkutano wa saa moja jioni Paris unakuwa wa saa mbili usiku hapa. Mdogo wangu aliingia mwezi wa Novemba akakuta ukumbi mtupu, akadhani wamemfungia mlango. Kwa mtu aliye katika hali ile, mlango uliofungwa unatosha kabisa kuwa sababu.

La pili ni mega za intaneti. Video inakula mega kuliko mshahara unavyoziruhusu. Zima picha, bakiza sauti. Hakuna anayekulazimisha kuonekana, na wala hulazimiki kutaja jina lako la kweli. Mikutano mingine inakubali simu ya kawaida, lakini kupiga Ulaya kwa yuniti kutakumaliza. Na umeme ukikatika katikati, usiogope kurudi. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.

La tatu, ambalo sikulitarajia, ni masikio ya parseli. Kwetu nyumba nne zinatumia uwanja mmoja. Mtu anayesema kwa sauti “naitwa fulani, mimi ni mraibu” ameshalisema hadi sokoni. Kwa hiyo wiki za mwanzo alisikiliza tu. Inaruhusiwa. Mtu anaweza kusikiliza mwezi mzima asitoe neno.

Alijaribu mikutano ya Kifaransa na ya Kiswahili. Ile ya Kifaransa ilikuwa mingi na ilifuata saa zake barabara, lakini alisema akiwa kule anapanga sentensi kama aliye mbele ya mwalimu. Kwenye ule wa Kiswahili alisikia watu wa Dar na Mombasa wakiongea juu ya arosto, yale mateso ya kukosa dawa, juu ya soba hausi, nyumba za wanaoacha, juu ya kuiba sufuria ya mama ikiwa bado na maharage, na akacheka. Nilikuwa naosha vyombo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi. Wenzetu wa pwani wametangulia katika haya kwa sababu heroini iliwapiga mapema. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha heroini, mwaka 2011, na Zanzibar ina nyumba za watu wanaoacha, zinazoendeshwa na walioacha. Vijitabu vya NA vya Kiswahili vipo, na ukivisoma unasikia Kiswahili cha kwao, kilichonyooka kuliko hiki chetu cha Katanga. Hakikumzuia kuelewa.

*

Ilikuwa kwenye mkutano wa Kifaransa, hata hivyo, ndipo alipomsikia mtu akisema “enfin, njo vile”, Kiswahili chetu cha Katanga kabisa, mwishoni mwa maneno yake. Mdogo wangu akaruka kitini. Mkutano ulipokwisha wakabaki wawili mtandaoni. Mtu yule alikuwa Likasi, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka kwetu, mwalimu, tatizo lake pombe na diamba, yaani bangi. Walikuwa wamezunguka kupitia Ulaya ili wapatane kwenye barabara moja.

Sikumwona mwalimu huyo hadi miezi baadaye, na hata leo sijui jina lake la ukoo. Nilichojua ni kwamba kila Jumamosi alikuja Lubumbashi kwa shughuli zake, wakakaa wawili mahali, saa moja na nusu, halafu kila mtu njia yake. Mama aliuliza wanafanya nini. Wanasoma ukurasa mmoja, nikamwambia, kisha mmoja anaongea mwingine ananyamaza, kisha wanabadilishana. Mama akafikiri. “Basi ni likelemba ya maneno,” akasema, kama ule mchezo wa wanawake wa kupeana pesa kwa zamu. Na ndivyo ilivyo: siku moja isiyobadilika, kila mtu na zamu yake, hakuna anayechukua mara mbili wengine hawajapata, na anayekosa kuja anajulikana amekosa. Wanawake wa soko la Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, wanajua kuendesha mkutano kuliko waziri yeyote.

Wa tatu alikuja kupitia muuguzi, shemeji yule yule mwenye maswali. Wa nne aliletwa na wa tatu. Mwingine alikuja mara moja, akala karanga za watu, hakurudi.

Baba paroko mmoja akasikia, akatoa chumba. Bure, tena chenye viti. Alitaka tu wabandike tangazo kwenye ubao wa parokia, na mmoja wao atoe ushuhuda Jumapili moja ili vijana wajifunze. Aliombea mema, na parokia nyingi zingemfukuza mraibu mlangoni. Walimshukuru, wakakataa. Mama alikasirika: mnakataa chumba cha Mungu? Mimi nilikuwa upande wao, na bado niko. Vikundi hivi vina desturi kumi na mbili, na mbili kati yake zilikuwa zinavunjwa kwa mpigo. Moja inasema kikundi kijitegemee kwa michango ya wanachama wenyewe, kisipokee ya nje. Nyingine inasema mwanachama asitangazwe hadharani. Niliposoma desturi hizo mara ya kwanza niliona ni kiburi. Baada ya vigelegele vile naziona ni kinga. Anayekupa chumba bure atakuja kudai matokeo, na matokeo anayoyajua ni kipaza sauti.

Sasa wanalipia darasa la shule ya chekechea, pesa kidogo, kwa mwezi. Viti ni vya watoto. Wanaume wazima wanakaa magoti yakiwa karibu na masikio.

Kuhusu uongozi, walipata shida ya Kikongo halisi. Sisi tukikutana watatu, tunamchagua rais, katibu na mweka hazina kabla hatujajua tumekutania nini, na wa nne tunamfanya mshauri asinung'unike. Huyo wa tatu alitaka kuandikwa kwa katiba na mhuri. Mwalimu wa Likasi akamwambia mhuri wa nini, wakati sharti la kuingia ni moja tu, kutaka kuacha? Anayefungua mlango mwezi huu, mwezi ujao anapisha mwingine. Hakuna daftari la majina. Katika mji ambao bangi inaweza kukuweka mikononi mwa polisi, na ambao mjomba wa mtu ni bosi wa mtu, daftari la majina lingewafukuza wote kwa wiki moja.

Watu wengine hukwama kwenye neno “Mungu” lililomo ndani ya hatua kumi na mbili ambazo wanachama wa vikundi hivi huzifuata, kwa kuwa hawataki dini. Kwetu ilikuwa kinyume. Hatua zinasema Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomfahamu, na mmoja wa wanaume alisimama: kwa jinsi anavyomfahamu ni kusema nini, Yesu yuko mmoja! Wakamwachia huyo Yesu wake, wakamwomba asimpe mwenzake aliye Mwislamu. Aliondoka kwa hasira na akarudi Jumamosi iliyofuata.

*

Hatua ya tisa ndiyo iliyotufikia nyumbani. Mtu anawarudia aliowadhuru na kutengeneza, isipokuwa pale ambapo kutengeneza kutawaumiza zaidi. Mdogo wangu alikuja kwa mama na kikwembe. Si cha gharama, si kama vile alivyouza, hata rangi yake sikuipenda. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka kwenye sanduku, akafunga kwa kufuli. Sijui kama ni kusamehe au kujihadhari. Nadhani yote mawili, na ni haki yake.

Alishaanguka mara moja tangu waanze. Kwenye msiba wa rafiki, matangani, mtu akampa kidonge. Hapo kuna hatari ambayo kila familia inapaswa kuijua: mwili uliokaa miezi bila dawa hauwezi tena kiasi ulichokuwa umekizoea, na anayerudi kumeza kama zamani ndiye anayekutwa asubuhi hapumui. Yeye alimeza kimoja, akatoka matangani, akampigia mwalimu wa Likasi usiku wa manane. Jumamosi akaenda akasema. Nilimuuliza walimwambiaje. Hawakumwambia kitu. Mmoja alisema asante, kama wanavyosema kwa kila mtu, zamu ikaenda kwa mwingine.

Katika NA kuna vitambulisho vya kuning'iniza kwenye funguo: cheupe cha kuanza, cha rangi ya chungwa siku 30, kijani siku 60, chekundu siku 90, hadi cheusi cha miaka. Hawa wetu hawana. Mmoja wao ni fundi nguo, kwa hiyo hukata vipande vya kitambaa kutoka kwenye masalio yake. Mdogo wangu alirudisha kijani akachukua cheupe. Kipo kwenye funguo za nyumba.

Mimi siruhusiwi kuingia. Mikutano ipo ya wazi, ambayo hata ndugu anaweza kukaa, na ya kufungwa, ya wenyewe tu. Yao ni ya kufungwa. Niliyoyaandika hapa ni yale aliyoniruhusu, na amenifutisha mengine, pamoja na jina la kartie, mtaa wetu, na aya nzima niliyokuwa nimeipenda. Mwanzoni nilisikia wivu. Nilihangaika mji mzima kuutafuta mlango, nikaupata, ukafungwa nikiwa nje. Nilikuwa namsubiri kwenye kona, kwa kisingizio cha kununua nyanya, mpaka mama mmoja muuza nyanya akaniambia kuna dada mwingine husimama pale pale kila Jumamosi na hanunui kitu.

Ni mke wa mmoja wao. Tukaanza kusimama pamoja, kisha kukaa. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba familia nazo zina mikutano yao: Al-Anon, ambayo Lois Wilson, mkewe Bill, aliianzisha na mwenzake mwaka 1951 kwa jamaa za walevi, na Nar-Anon kwa jamaa za watu wa dawa nyingine. Wake za walevi wa kwanza nao walikuwa wakisubiri nje, inaonekana. Tumeshapata mama wa tatu. Tatizo letu ni siku. Jumamosi tuko kwenye nyanya, Jumapili hakuna mwanamke wa Lubumbashi aliye huru kabla ya saa kumi, Jumatano ni likelemba ya yule mke. Tunajaribu Alhamisi saa kumi na moja, kwangu, watoto wakiwa wamekwenda kuchota maji.